UKURASA WA MAMA NA MTOTO: Mtoto akikaa kitako tumboni

Mwezi huu tunajibu swali la baba mmoja aliyetusimamisha siku ya mgao, gunia la unga likiwa bado begani. Alituambia hivi: "Mke wangu ameingia mwezi wa tisa. Kliniki wamesema mtoto amekaa kitako, watamwandikia rufaa. Mama mkwe anasema rufaa ya nini, aitwe bibi wa bloki ya chini amgeuze kwa mafuta. Na hawa watoto wanne nitamwachia nani?"

Baba, asante kwa kuuliza. Wengi wana swali kama lako ila wananyamaza.

Kwanza, mkeo hana kosa. Hakurogwa, wala hakukaa vibaya wakati wa kulima au kuteka maji. Mtoto tumboni anageukageuka. Kwenye wiki ya 28, karibu mtoto mmoja kati ya wanne bado amekaa kitako. Wengi wanageuka wenyewe, na mimba ikitimia wanabaki 3 au 4 tu katika kila 100. Mara nyingine kuna sababu: mapacha, maji ya uzazi mengi mno au machache, kondo la nyuma lililokaa chini, uvimbe kwenye kizazi, au kizazi kilicholegea kwa kuzaa mara nyingi. Mara nyingi hakuna sababu inayoonekana.

Mama anaweza kuhisi mateke chini karibu na kibofu, na kitu kigumu cha mviringo chini ya mbavu. Lakini asijipime mwenyewe. Mkunga atapapasa tumbo, na kipimo cha picha kitathibitisha. Ndiyo maana tunawaomba msiache kliniki ya miezi ya mwisho, hata kama zile za mwanzo zote zilikwenda vizuri.

Sasa kwa nini tunahangaika hivyo? Kichwa ndicho sehemu kubwa ya mtoto. Kikitangulia, kinafungua njia polepole, na mwili unafuata kwa urahisi. Matako au miguu ikitangulia, mwili unaweza kupita kabla njia haijafunguka vya kutosha, kichwa kikakwama. Tena kitovu kinaweza kuteleza mbele na kubanwa, mtoto akakosa hewa. Hatari hiyo ni kubwa zaidi miguu ikitangulia.

Tumeyaona hayo hapa hapa kambini. Miaka michache iliyopita mama mmoja aliogopa kisu, akaficha uchungu mpaka usiku wa manane. Mwili ulitoka, kichwa kikabaki. Waliokuwapo walivuta, kwa mapenzi tu. Lakini ukivuta, mikono ya mtoto inapanda juu na kidevu kinainuka, na kichwa kinazidi kukwama. Asubuhi yake tulimzika mtoto. Hatumlaumu mtu. Ila tangu siku ile tuliamua kwamba hatutanyamaza juu ya jambo hili.

Na bibi wa mafuta je? Bibi zetu wamezalisha wengi wetu, na tunawaheshimu. Lakini kumgeuza mtoto kwa nguvu nyumbani kunaweza kubandua kondo la nyuma, mama akatoka damu nyingi ndani ya muda mfupi. Kugeuza kwenyewe kupo, ila ni kazi ya hospitali. Kuanzia wiki ya 36 au 37 daktari anaweza kujaribu kumgeuza mtoto kwa mikono juu ya tumbo, huku wakisikiliza mapigo ya moyo wake na chumba cha operesheni kikiwa karibu. Kwa karibu nusu ya akina mama inafaulu. Si kila mama anafaa, kwa mfano mwenye mapacha au aliyetoka damu karibuni. Kulala makalio juu ya mito hakujathibitishwa kuwa kunamgeuza mtoto, basi msilitegemee hilo.

Mtoto asipogeuka, daktari atazungumza nanyi. Mara nyingi watashauri operesheni. Wapo wanaozaa kwa njia ya kawaida mtoto akiwa kitako, ila ni hospitalini, kwa mkunga au daktari mzoefu, na mtoto awe amekaa vizuri na asiwe mkubwa mno. Operesheni si mwisho wa uzazi. Ila mimba zinazofuata lazima mama ajifungulie hospitali, maana kizazi kina kovu.

Basi jipangeni mapema. Nani atabaki na watoto? Nani atachukua mgao kwa kadi yenu? Ndugu gani yuko tayari kutoa damu? Barua ya rufaa, kadi ya kliniki, vitenge safi na tochi viwe katika mfuko mmoja karibu na mlango. Uchungu ukianza au chupa ikipasuka, msisubiri kupambazuke.

Na kama kitovu kimetokeza, mama apige magoti, kifua chini, makalio juu, na abaki hivyo mpaka msaada ufike. Msikirudishe ndani wala kukishikashika. Kama matako yameshatoka na hakuna mtaalamu, tumeni mtu mbio, mama asukume uchungu unapokuja, nanyi MSIVUTE. Mshikeni mtoto nyongani tu kwa kitambaa safi, asianguke. Akizaliwa, mkausheni na mumweke kifuani kwa mama.

Msishtuke mtoto akikaa siku kadhaa miguu imekunjwa juu, au matako yamevimba kidogo. Ombeni nyonga zake zipimwe. Kumbeba mgongoni miguu imepanuka, kama mama zetu walivyotubeba, hakuna ubaya. Kibaya ni kumfunga miguu imenyooka na kubanwa.

Baba yule tulimfuata nyumbani Jumamosi. Tulikaa na mama mkwe kwenye mkeka, tukamweleza haya yote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Mimi nilizika wawili kule nyumbani, na hakuna aliyeniambia kwa nini." Halafu akamgeukia mkwewe: "Mpeleke. Watoto nitakaa nao mimi." Na bibi wa bloki ya chini? Amekubali kumsindikiza mama.

Wanaondoka wiki hii. Tuwaombee. Na wewe mama mwenye mimba ya miezi minane unayesomewa ukurasa huu, hebu angalia kadi yako: kliniki ni lini?

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.