Kapolowe: mchezaji mkongwe anapoachwa, mashabiki wanauliza ameachwa namna gani

Kila mara TP Mazembe inapotoa orodha ya wachezaji wa msimu mpya, wapenzi wa mpira wa Kapolowe hawaanzi na majina mapya. Wanatafuta kwanza jina ambalo halimo. Miaka hii ya nyuma majina hayo yamekuwa mazito: Trésor Mputu mwaka wa 2022, Rainford Kalaba mwaka wa 2023. Kila mara mabishano ni yale yale, kwenye soko la Kapolowe-Gare kama kando ya ziwa Tshangalele. Upande mmoja unasema miguu imechoka. Upande mwingine unajibu kwamba asante ya punda ni mateke.

Ukisikiliza vizuri, pande hizi mbili hazipingani sana kuhusu miguu. Hakuna anayekataa kwamba mtu wa miaka 36 hakimbii tena kama kijana wa miaka 20. Kinachowagawanya watu ni namna ya kuagana. Na katika sehemu hii ya Haut-Katanga, namna ya kuagana na mtu aliyetumika miaka mingi si jambo la mpira peke yake.

Sauti kabla ya sura

Kapolowe iko kwenye barabara ya taifa namba 1, kati ya Lubumbashi na Likasi. Motokari zinasimama hapo, abiria wananunua samaki na makala, kisha safari inaendelea. Mchuuzi wa samaki hawezi kufunga meza yake kila mara Mazembe inapocheza Kamalondo: kuna nauli ya kwenda na kurudi, kuna tiketi, na siku nzima ya kazi inapotea. Kwa hiyo ekipe inafuatwa kwa redio na kwa telefoni.

Hiyo inabadilisha namna ya kumpenda mchezaji. Watoto wengi wa Kapolowe walimjua Mputu kwa sauti ya mtangazaji mbele ya kumjua kwa sura. Jina lake lilikuwa linatajwa pale mpira ulipokaribia goli, na watu wote walikuwa wananyamaza. Mtu wa namna hiyo anakaa katika nyumba ya watu kama ndugu wa mbali. Siku jina lake halitajwi tena, nyumba inajiuliza amepatwa na nini.

Mputu alizaliwa Kinshasa mwezi wa Desemba 1985, lakini Katanga ilimlea kama mtoto wake. Mwezi wa Machi 2009 alikuwa kapiteni wa timu ya taifa iliyochukua kombe la kwanza la CHAN kule Abidjan, kwa kuipiga Ghana magoli 2-0. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo, Mazembe ilichukua Kombe la Mabingwa wa Afrika mbele ya Heartland ya Nigeria. Klabu ilikuwa imengojea kombe hilo tangu 1968, miaka 41. Mwaka huo CAF ilimchagua kuwa mchezaji bora kati ya wale wanaocheza ndani ya bara.

Kisha ikaja makosa. Mwaka wa 2010, katika Kombe la Kagame kule Kigali, Mputu alimshambulia mwamuzi na FIFA ikamfungia mwaka mmoja. Ndiyo sababu hakuwa uwanjani Abu Dhabi mwezi wa Desemba 2010, siku Mazembe ilipoipiga Internacional ya Brazil 2-0 na kuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la klabu, mbele ya kupigwa 3-0 na Inter ya Milano. Mashabiki walimkasirikia, lakini walimngoja. Alipokwenda Kabuscorp ya Angola mwaka wa 2014, walimngoja tena, na akarudi. Kwa watu waliokwisha kungoja mara mbili, habari ya mwaka 2022 kwamba klabu inatengana naye ilikuwa ngumu kupokea.

Haki ya klabu

Hata hivyo klabu si familia. Ni kazi yenye mikataba, na mikataba ina mwisho. Kanuni za FIFA ziko wazi: mkataba wa mchezaji unakwisha tarehe yake inapofika, ao pande mbili zinapopatana. Klabu haiwezi kumfukuza mchezaji katikati ya mkataba kwa sababu tu amezeeka ao amepunguza magoli. Ikifanya hivyo bila sababu ya haki, inamlipa. Lakini tarehe ikifika, hakuna kanuni inayolazimisha klabu kumwandikisha tena. Miezi sita ya mwisho, mchezaji naye ana ruhusa ya kuongea na klabu nyingine. Katika lugha ya soko watu wanasema “wamemfukuza”, lakini mara nyingi ukweli ni kwamba karatasi imekwisha na hakuna aliyetaka kuandika nyingine. Tofauti hiyo ni kubwa mbele ya sheria, hata kama moyoni inauma vilevile.

Matokeo ya uwanjani nayo hayampi mtu ushindi kamili. Msimu wa 2022-2023, ule wa kwanza bila Mputu, ulikuwa mubaya. Mazembe ilitolewa na Vipers ya Uganda kwa penalti katika Kombe la Mabingwa, ikaangukia Kombe la Shirikisho, na huko ikamaliza mwisho wa kundi lake, ikipigwa na Yanga ya Tanzania Dar es Salaam na Lubumbashi pia. Wale wanaolilia wazee walisema: “Mmeona?”

Kisha Kalaba naye akaondoka, na mambo yakageuka. Msimu wa 2023-2024, ekipe yenye vijana wengi chini ya kocha Lamine N’Diaye ilifika nusu fainali ya Kombe la Mabingwa. Ilitoka 0-0 na Al Ahly Lubumbashi, ikapigwa 3-0 Cairo. Zamu ya wale wanaotaka damu mpya kusema: “Mmeona?” Lakini msimu uliofuata ekipe hiyo haikuvuka hata makundi. Damu mpya peke yake haitoshi, na kumbukumbu ya wazee peke yake haifungi goli.

Maneno yanayojulikana Likasi

Kwa nini basi hasira inakuwa kubwa hivi? Jibu moja liko kilomita chache kutoka Kapolowe, kwenye viwanda vya Likasi.

Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka. Ilikuwa inalipa mishahara, na pia ilikuwa na shule, hospitali, chakula cha mwezi, nyumba na hata ekipe za mpira. Kisha uzalishaji ukaanguka. Mwaka wa 2003 na 2004, kwa msaada wa feza za Benki ya Dunia, watumishi 10,655 waliondolewa kwa mpango ulioitwa “départs volontaires”, maana yake kuondoka kwa hiari. Wengi walikuwa wamekaa miezi na miezi bila mshahara. Walipewa kiasi kimoja cha mwisho, wakatia sahihi, wakaenda. Wengi kati yao walisema kiasi hicho hakikufikia kile walichodai, na madai yao yaliendelea miaka mingi.

Kila mtu Likasi, Kambove na Kapolowe anajua jamaa mmoja wa hesabu hiyo. Baba mwenye miaka 25 ya kazi aliyeamka asubuhi bila kusikia king’ora kikimwita yeye. Wengine walishika jembe, wengine wakaingia biashara ndogo ya barabarani. Ndiyo maana neno “hiari” linachekesha watu hapa, na kicheko chake si cha furaha. Na ndiyo maana, klabu inapoandika kwamba imepatana na mchezaji kumaliza safari pamoja, kuna mzee kwenye kiti chake anayetikisa kichwa. Amekwisha kusoma karatasi ya namna hiyo.

Kulinganisha mchezaji aliyecheza fainali za Afrika na fundi wa Shituru kuna mipaka yake, kwa maana mmoja alipigiwa makofi na mwingine hakupigiwa. Lakini kwa mtazamaji wa Kapolowe swali ni lile lile: ukitoa nguvu zako zote za ujana mahali pamoja, mahali hapo panakudai nini siku nguvu zimekwisha, na wewe unapadai nini? Mchezaji akiagwa vizuri, mtu anaona kwamba inawezekana. Akiondoka kimya, mtu anaona yake mwenyewe inarudiwa.

Kuagana kunakokubalika

Mifano mizuri iko, tena karibu. Robert Kidiaba, golikipa aliyekuwa anarukaruka kwa makalio baada ya kila goli, alichukua Kombe la Mabingwa mwaka wa 2009, 2010 na 2015. Alipoacha kudaka, hakupotea: alibaki ndani ya klabu kufundisha magolikipa, na katika uchaguzi wa Desemba 2018 wananchi walimchagua kuwa mbunge wa jimbo la Haut-Katanga. Watu wanaweza kubishana kuhusu siasa yake. Lakini hakuna aliyesema kwamba Kidiaba alitupwa. Kiti cha golini kilichukuliwa na mwingine, yeye akapewa kiti kingine, na golikipa kijana akapata mwalimu aliyeyaona yote.

Nje ya inchi, Yanga ilifanya jambo rahisi zaidi mwezi wa Julai 2021. Haruna Niyonzima wa Rwanda alipofika mwisho wake hapo, klabu ilimuaga uwanjani Dar es Salaam, siku ya mechi, mbele ya mashabiki. Kitendo hicho hakihitaji feza nyingi. Mashabiki wanapata nafasi ya kupiga makofi ya mwisho, mchezaji anapata nafasi ya kuwashukuru, na kesho yake kila mtu anaendelea na kazi.

Kutoka kwa mifano hii, mambo matatu yanaonekana. La kwanza, mchezaji aambiwe mapema, ili atafute njia yake mbele ya karatasi kwisha. La pili, aagwe mbele ya watu. La tatu, deni lolote lilipwe na, kama ana uwezo wa kufundisha, atafutiwe kazi kwa vijana. La tatu ndilo zito, kwa sababu mchezaji wa kwetu akimaliza kazi bado ana miaka 30 ao 40 ya kuishi mbele yake, na wengi hawana pensheni ya kungojea.

Mashabiki nao wana deni lao. Umati unaolilia mkongwe leo ndio uliompigia miluzi jana alipopoteza mpira mara mbili. Kuna wanaotaka abaki katika orodha, lakini hawataki aanze mechi. Kumpenda mchezaji ni pamoja na kumwambia ukweli kwamba wakati umefika, na kumwachia kijana nafasi bila kumlinganisha kila dakika na wakongwe wa mwaka wa 2009. Kijana wa miaka 19 anayevaa namba ya Mputu anabeba mzigo ambao si yeye aliyeuomba.

Wale wa Lupopo, klabu ya cheminots, ambao Kapolowe-Gare hawakosekani kwa sababu ya reli, wanacheka mabishano haya kila mwaka. Lakini nao wana wazee wao, na kicheko chao kinakwisha siku orodha yao inapotoka.

Mkataba na kumbukumbu

Tarehe 13 Aprili 2024, wiki moja mbele ya nusu fainali ya Lubumbashi, Kalaba alipata ajali mbaya ya motokari kwao Zambia. Habari za kwanza zilisema amekufa. Baadaye ikajulikana kwamba yuko hai, anatunzwa hospitalini. Mtu huyu alikuwa ameitumikia Mazembe zaidi ya miaka kumi. Mwaka wa 2016 alikuwa kati ya watatu wa mwisho kwa zawadi ya mchezaji bora anayecheza ndani ya Afrika. Siku ya ajali hakuwa tena mchezaji wa klabu. Karatasi yake ilikuwa imekwisha mwaka mmoja nyuma.

Lakini kwa yule aliyelisikia jina lake redioni miaka yote ile, hakukuwa na karatasi iliyokwisha. Klabu inaweza kufunga mkataba kwa tarehe. Kumbukumbu ya watu haina tarehe, na ndiyo inayojaza uwanja, inayonunua maillot nyeusi na nyeupe, inayomfanya mtoto wa Kapolowe apige mpira wa matambara huku akijiita jina la mtu ambaye hajawahi kumwona. Klabu inayoaga wazee wake vizuri inalinda mali hiyo. Orodha nyingine itatoka msimu ujao, na Kapolowe watatafuta tena jina lisilomo.