Giza la Nyumbani

Mnamo Agosti 1873, meli ya kivita ya Waingereza ilitia nanga Durban ikiwa imebeba watu zaidi ya mia moja waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Kufikia 1880, wenzao waliowafuata walikuwa wamefikisha idadi yao zaidi ya 500. Wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, lakini kwa kuwa walisafirishwa kutokea Unguja waliitwa Wazanzibari, na jina likawaganda. Walikaa King's Rest, katika eneo la Bluff, wakaswali, wakazika wafu wao, wakalea watoto kwa Kimakua na kwa Kiswahili kidogo. Kisha ikaja serikali ya ubaguzi wa rangi. Sheria ya 1950 ilimtaka kila mtu awe na kabila lake kwenye daftari. Wamakua hawa, Waafrika kwa lugha na kwa nasaba, mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakaandikishwa kuwa “Waasia wengineo”, wakahamishiwa Chatsworth, mtaa uliotengewa Wahindi. Mtu anaitwa kwa jina la kisiwa alichokipitia tu, kisha anafanywa Mwasia kwa kalamu ya karani. Mwandishi wa riwaya akibuni kisa cha namna hii ataambiwa ametia chumvi, au kwamba amemsoma mno Kafka.

Na kweli ndivyo anavyoambiwa. Tangu Euphrase Kezilahabi achapishe Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, lalamiko dhidi ya riwaya za Kiswahili zenye giza na mambo yasiyo ya kawaida halijabadilika sana. Lina sura tatu: kitabu hakieleweki, kitabu si cha kwetu, kitabu hakina funzo. Sura hizo hukutwa katika tahakiki za wasomi, katika mazungumzo ya walimu, na hasa kwa msomaji aliyehama kwao, aliyeko Leeds au Minneapolis, ambaye anaitaka riwaya ya Kiswahili imrudishie harufu ya karafuu na sauti ya bibi yake, wala si mji uliojaa ukimya na majivu. Msomaji huyo anastahili heshima, lakini hastahili kuachiwa neno la mwisho.

Lalamiko la pili ndilo lenye madhara makubwa zaidi. Husemwa kwamba ajabu ya Kezilahabi, ya Said Ahmed Mohamed katika Babu Alipofufuka, na ya Kyallo Wamitila katika Bina-Adamu! ni mzigo ulioshushwa kutoka ng'ambo, kutoka kwa Nietzsche na Wajerumani wenzake, au kutoka kwa waandishi wa Amerika ya Kusini. Ushahidi unaotolewa ni kwamba Kezilahabi alisomea uzamivu Wisconsin na kwamba wanafalsafa wa Ulaya wanapita katika kurasa za Nagona. Hayo yote ni kweli. Lakini utenzi wa Fumo Liyongo haukuandikwa Wisconsin. Liyongo anachomwa kitovuni na mwanawe mwenyewe, anakwenda kisimani, anapiga goti na kuvuta upinde, anakufa katika hali hiyo. Watu wa mji wanakaa na kiu kwa siku kadhaa kwa sababu hakuna anayethubutu kuisogelea maiti iliyolenga mshale. Ni vigumu kutaja katika riwaya ya kisasa ya Kiswahili tukio lenye kutia hofu kulishinda hilo. Upande wa pili wa eneo hili, mashariki mwa Kongo, wasimulizi wa Wanyanga walikuwa wakimzaa Mwindo kupitia kidole cha mama yake, akitoka anacheka, anasema na anatembea. Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, hakuhitaji kuvuka bahari kuwapata watoto wa ajabu.

Hata Shaaban Robert, ambaye jina lake huitwa kila mara uadilifu unapotaka shahidi, aliandika Adili na Nduguze, kitabu ambacho ndani yake wanadamu wamegeuzwa manyani na ndugu yao analazimika kuwapiga kila usiku huku moyo ukimuuma. Vizazi vya wanafunzi vimekisoma na kuambiwa kinahusu wema. Ni sawa, kinahusu wema. Lakini kinachobaki kichwani mwa mtoto ni mjeledi, usiku na manyani wanaolia kama watu. Mwalimu anayekipita kitisho hicho mbio ili afikie funzo amekisoma nusu kitabu.

Hapo ndipo Durban inapotia aibu kidogo. Mwaka 2024 mwandishi wa mji huo, Shubnum Khan, alitoa riwaya ya Kiingereza iitwayo The Djinn Waits a Hundred Years. Ndani yake kuna jumba kuukuu juu ya bahari, familia ya Waislamu wa asili ya Kihindi, chumba kilichofungwa miaka mingi na jini linalomlilia marehemu. Bahari ni ile ile ya Hindi, jini ni lile lile ambalo mama wa Kimvita na wa Kipemba humtajia mwanawe asiyetaka kulala. Msomaji wa Kiswahili anayeishi ughaibuni anainunua riwaya ya namna hii dukani na kuisifia kwa rafiki zake bila kuuliza jini lina funzo gani. Akikutana na babu mfu anayerudi kumsumbua mjukuu wake kigogo katika kitabu cha Said Ahmed Mohamed, anasema mambo hayo ni ya kuiga. Kiingereza kinapewa ruhusa ya kuota ndoto mbaya, na Kiswahili kinatakiwa kikeshe macho, kitoe nasaha na kuhimiza maendeleo.

Chanzo cha tofauti hiyo kinajulikana. Kwa miongo kadhaa Kiswahili kilikuwa lugha ya kampeni: ya elimu ya watu wazima, ya kilimo, ya ujamaa, ya afya. Ilikuwa kazi njema. Ila ilizaa kizazi cha wahakiki kilichoamini kwamba fasihi ni mkono wa wizara. Rosa Mistika, ya mwaka 1971, ilizuiwa shuleni kwa kuwa ilisema wazi yaliyompata msichana. Giza lake lilikuwa la uhalisia mtupu, na bado halikuvumiliwa. Basi ajabu ya Nagona ingepokewaje?

Kuhusu kutoeleweka, neno moja la haki lazima lisemwe. Wapo waandishi wanaotumia fumbo kama pazia la chumba kitupu. Na hata katika kazi kubwa kuna viwango. Bina-Adamu! inatembeza msomaji katika kijiji cha utandaufu na kumpa adui aitwaye P.P.; anapogundua kwamba herufi hizo ni za Peter Pan, mtoto asiyekua, anapata kitulizo cha mtu aliyetegua kitendawili. Istiara imefunguka, hofu imekwisha. Katika Mzingile hakuna ufunguo wa namna hiyo. Msimulizi anamwendea mzee kibandani kumpasha habari ya kifo cha mwanawe, na polepole msomaji anatambua mzee huyo ni nani, na kwamba habari ile haimshughulishi. Sentensi ni fupi, msamiati ni wa kila siku, na kitabu kizima hakifiki kurasa mia moja. Anayesema hakieleweki mara nyingi amekielewa vizuri sana, na hakupendezwa na alichokielewa.

Zipo pia sifa zinazoumiza kuliko lawama. Mhakiki rafiki anazipachika riwaya hizi jina la “uhalisiajabu”, anamtaja García Márquez, na kazi imekwisha. Kwa hiyo ajabu inageuka mbinu, kitu cha kuhesabiwa katika tasnifu pamoja na taswira na takriri, na hakuna anayeuliza mbona kitabu kinatisha. Mwaka 1995 popobawa alipovuma Pemba, kisha Unguja, watu wazima walilala nje ya nyumba zao makundi makundi wakiwasha moto. Watafiti wengi wameihusisha hofu hiyo na siasa za uchaguzi wa mwaka ule na kumbukumbu za mapinduzi. Waliolala nje hawakuwa wakitumia mbinu. Waliishi na jambo ambalo lugha ya magazeti haikuweza kulibeba, wakalipa mabawa.

Durban ilimlea pia Fernando Pessoa. Alifika mwaka 1896 akiwa na miaka 7, mwana wa kambo wa balozi mdogo wa Ureno, akasoma huko, na mwaka 1905 akaondoka moja kwa moja kwenda Lisbon. Kitabu chake mashuhuri cha vipande vya wasiwasi kilitoka mwaka 1982, miaka 47 baada ya kifo chake, na leo kinasomwa kote duniani na watu wasiotarajia kiwafundishe kuishi. Kezilahabi aliishi kusini pia, akifundisha Gaborone kwa miaka mingi, akafariki Januari 2020. Naye aliacha wasiwasi wake katika vitabu viwili vyembamba, kwa lugha yenye mamilioni ya wasemaji, na vingi vya vyuo vinavyovifundisha vinafanya hivyo kwa kuomba radhi.

Jambo hili si la starehe ya wasomi peke yao. Mwaka 2018 Afrika Kusini ilitangaza kwamba Kiswahili kitakuwa lugha ya hiari katika shule zake. Mahali popote mpango huo utakapotimia kwa dhati, kamati itakaa kuchagua vitabu, na kamati za namna hiyo hupenda vitabu safi: hekaya ya sungura, barua ya kiungwana, insha juu ya usafi wa mazingira. Mtoto wa Chatsworth, ambaye babu yake alikuwa Mmakua nyumbani, Mzanzibari mtaani na Mwasia serikalini, ataletewa Kiswahili kama lugha ya mapambo. Rafu ya pili kutoka hapo kuna riwaya ya mfu anayefufuka kumdai mjukuu wake kumbukumbu. Kamati itasema ni ngumu mno kwake.