Nundu Ifunguayo Mlango

Wengi hudhani kwamba nguvu ya motokari yatokana na ukubwa wa mashine tu. Sivyo. Yatokana pia na utaratibu: kila mlango kufunguliwa na kufungwa kwa saa yake.

Kila silinda ina milango midogo, yaani valvu: mmoja huingiza hewa na petroli, mwingine hutoa moshi. Mtaimbo wenye nundu, uitwao kamshafti, ndio uifunguao. Mashine ikizunguka mara mbili, mtaimbo huo huzunguka mara moja, wala haupaswi kukosea.

Zamani haikuwa hivyo. Katika mashine za Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach, miaka ya 1880, mlango wa moshi tu ndio uliofunguliwa kwa chuma. Ule wa kuingizia ulikuwa na springi dhaifu; pistoni iliposhuka, ulivutwa ukafunguka. Kwa mwendo wa polepole ulifaa. Mbio zilipozidi, ulitetemeka na kuchelewa, silinda ikabaki na njaa. Kwa hiyo, katika Mercedes ya nguvu za farasi 35 ya mwaka 1901, Maybach aliuwekea nao nundu yake.

Likabaki tatizo jingine. Milango ikiwekwa juu ya silinda na mtaimbo ukabaki chini, hutakiwa vijiti virefu vya kuisukuma, na uzito wa vijiti hivyo huzuia mbio. Wengine waliupandisha mtaimbo mmoja juu. Ndipo Ernest Henry, mchoraji kutoka Uswisi, pamoja na madereva Georges Boillot, Jules Goux na Paul Zuccarelli, walipotengeneza Peugeot yenye mitaimbo miwili juu na valvu nne kwa kila silinda. Wahandisi wa kiwanda waliwadharau, wakawaita walaghai. Lakini Juni 1912, huko Dieppe, Ufaransa, baada ya mashindano ya siku mbili, Boillot alishinda kwa mashine ya lita 7.6. Wa pili alikuwa na Fiat ya lita 14.1! Mwaka 1913 Goux alishinda Indianapolis, Marekani. Mwaka huohuo Zuccarelli alikufa akijaribu gari barabarani.

Leo magari mengi yapitayo mbele ya nyumba zetu hufuata mpango wao.

Enyi akina baba, yapo mafunzo mawili. Kwanza, msimdharau mtoto apendaye kazi ya mikono. Penye chuma na mafuta pana akili pia. Pili, mwenye gari na abadilishe kwa wakati ukanda unaozungusha kamshafti. Ukikatika, katika mashine nyingi pistoni hugonga valvu zilizo wazi, na fedha ya karo za watoto huishia kwa fundi. Ukanda ni kitu kidogo. Anayeupuuza huihatarisha mashine nzima. Ndivyo ilivyo hata nyumbani: wajibu mdogo usiotimizwa kwa saa yake huvunja makubwa.