Mabinti wa Herat na Roboti Yao



Juma hili twapenda kuzungumza na wazazi juu ya jambo ambalo aghalabu hudhaniwa kuwa ni mchezo tu wa watoto wa shule: mashindano ya roboti. Mwana akija nyumbani kuomba ruhusa ya kubaki shuleni alasiri pamoja na chama cha roboti, mzazi huuliza, "Litamfaa nini jambo hilo?" Na akiwa ni binti, huongezwa la pili: "Na atarudi saa ngapi?" Maswali yote mawili ni ya haki. Ili tuyajibu, natutazame kisa cha mabinti sita wa Herat, mji ulio magharibi mwa Afghanistan.

Mwaka 2017 mabinti hao waliteuliwa kuiwakilisha nchi yao katika mashindano ya FIRST Global mjini Washington, Marekani, yaliyokusanya vijana wa sekondari kutoka nchi zaidi ya 150. Kila timu ilipelekewa sanduku la vipuri vya namna moja: mota, magurudumu, gia na nyaya. Kutokana na hivyo, vijana walitakiwa waunde roboti yao wenyewe. Mada ilikuwa ni maji. Mipira ya buluu ilisimama mahali pa maji safi na ile ya rangi ya chungwa mahali pa uchafu, na kazi ya roboti ilikuwa kuikusanya na kuitenganisha.

Sanduku la mabinti wa Herat lilizuiliwa forodhani. Wenzao walipokuwa wakiunda na kujaribu, wao walijifunza kwa vitu walivyovipata nyumbani, na vipuri vilipowafikia zilikuwa zimebaki wiki chache tu. Viza nayo ilikuwa mtihani mwingine. Walisafiri kiasi cha kilomita 800 hadi Kabul, katika nchi yenye vita, wakakataliwa. Wakarudi mara ya pili, wakakataliwa tena. Habari zao zilipoenea duniani, Rais Donald Trump aliingilia kati, wakaruhusiwa zikiwa zimesalia siku chache.

Huko uwanjani ndiko lilikokuwa somo ambalo wengi wetu hatulitarajii. Timu haikucheza peke yake; nchi tatu zilifungwa pamoja kuwa upande mmoja, na pande zilibadilika kila mchezo. Mshirika wako wa asubuhi aweza kuwa mpinzani wako wa alasiri. Basi hakuna faida ya kumficha jirani spana, wala kuifurahia roboti yake inapokwama, kwani punde si punde utaihitaji. Dean Kamen, aliyeanzisha jumuiya ya FIRST mwaka 1989, alikusudia hasa kwamba ushindani usimwondolee kijana uungwana wake.

Tena roboti haibembelezwi wala haitishwi. Ikisimama katikati ya uwanja, lawama haiisogezi. Hukaguliwa betri, kisha nyaya, kisha mstari mmoja mmoja wa programu, hadi kosa lionekane. Kijana aliyezoea kazi hiyo hujifunza subira yenye mpango, na hujifunza kusema "hapa ndipo penye kosa" pasipo kumnyooshea mwenzake kidole.

Mabinti wale walirejea na medali ya fedha, tuzo ya ujasiri. Furaha haikudumu. Tarehe 1 Agosti mwaka huo huo, msikiti mmoja wa Herat ulishambuliwa kwa mabomu wakati wa sala ya jioni. Miongoni mwa waliouawa alikuwa baba yake Fatemah Qaderyan, nahodha wa timu, binti wa miaka 14.

Timu haikufa. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoingia, mabinti wa timu hiyo, nahodha wao sasa akiwa Somaya Faruqi, mmoja wa wale sita, waliunda mfano wa mashine ya kumsaidia mgonjwa kupumua, wakatumia vipuri vya gari kuukuu la Toyota Corolla. Hilo ndilo jibu la swali la kwanza.

Mwaka 2021 Taliban walitwaa Kabul, na baadhi ya mabinti hao wakakimbilia Qatar na Mexico. Tangu hapo, wasichana nchini mwao wamefungiwa masomo ya baada ya darasa la sita.

Kwetu mlango huo haujafungwa na serikali. Hata hivyo, waweza kufungwa na neno moja la mzazi, likasemwa upesi na bila kufikiriwa. Swali la pili, la saa ya kurudi, lina ufumbuzi. Wazazi wakizungumza na mwalimu, kikao chaweza kumalizika kabla ya Maghribi, au kikawa Jumamosi asubuhi. Majirani waweza kupokezana zamu ya kuwachukua watoto. Mama au baba aweza kwenda kukaa siku moja akajionea.

Na shule isiyo na chama kama hicho isiwe kisingizio. Feni iliyoharibika, ikishachomolewa kwenye umeme, ni mwalimu wa kuanzia. Mpeni binti bisibisi, mkae naye, mwacheni aifungue, na mumsikilize akiwaelezea alichokiona ndani.

Wabillahi tawfiq.