Barua kwa Mjumbe

Mwaka 1957 Waafrika wa Kenya walipowachagua wajumbe wao wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, wajumbe hao walikuwa wanane tu, na mwenye neno alijua wa kumwandikia. Kwa Katiba ya mwaka 2010 mpiga kura mmoja huchagua watu sita, kuanzia Rais hata Mwakilishi wa Wadi. Ndiyo sababu barua nyingi hupotea, wala si kwa kosa la posta.

Zahanati ikikosa dawa, wengi humwandikia Mbunge, kwa kuwa jina lake ndilo walijualo. Lakini zahanati ni kazi ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba lasema hivyo. Apasaye kuandikiwa ni Mwakilishi wa Wadi, aketiye katika Bunge la Kaunti lipitishalo makadirio ya fedha. Mbunge mwema ataipeleka barua mbele. Asiye mwema ataiacha mezani, na wagonjwa wataendelea kurudi nyumbani mikono mitupu.

Barua yenyewe na iwe fupi. Sifa za mheshimiwa za nusu ukurasa humchosha karani, na karani ndiye aisomaye kwanza. Mstari wa juu utaje jambo, kisha zifuate tarehe na hesabu. Kusema “Dawa hazipatikani siku hizi” ni kunung’unika. Kusema, mathalani, “Tangu tarehe 3 Machi hakuna dawa ya malaria, na zahanati ya pili iko kilomita 14” ni kumpa mjumbe swali la kuuliza. Mwisho liombwe jambo moja liwezekanalo. Matusi hayafai, hata yakiwa yamestahiliwa. Tena ni vema barua ipelekwe kwa mkono, na nakala ipigwe mhuri wa kupokelewa.

Kukiwa kimya, iko njia ya ombi rasmi. Jambo la kaunti hupelekwa Bunge la Kaunti, kwa Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. Jambo lililo katika mamlaka ya Bunge la nchi hupelekwa huko, kwa Ibara ya 119 ya Katiba. Sheria ya maombi ya Bunge, nayo ya mwaka 2012, yakubali Kiswahili, mwandiko wa mkono, hata alama ya kidole gumba. Lakini yataka neno moja ambalo wengi hulisahau: mwombaji aeleze kama amekwisha kuwaendea wahusika, na kama alijibiwa. Hapo ndipo ile nakala yenye mhuri hutolewa sandukuni.