Mali Bila Daftari: Leseni za Programu za Kiswahili

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii aghalabu huhusishwa na biashara, ila inawafaa pia wanafunzi na wahadhiri wanaounda vijenzi vya programu za Kiswahili, kama vile vya kusahihisha tahajia au kuchanganua viambishi vya vitenzi. Vijenzi hivyo, ambavyo watunzi wengine huvitumia kama msingi, huitwa maktaba za programu. Daftari lake ni leseni.

Wapo wanaodhani kwamba kuiweka kazi mtandaoni bila masharti ndiko kuitoa kwa umma. Dhana hiyo ni potofu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huihesabu programu ya tarakilishi miongoni mwa kazi za fasihi, sawa na riwaya. Pasipo leseni, haki hubaki kwa mtunzi, na anayeinakili hana idhini.

Miongoni mwa leseni huria zinazotajwa sana ni hizi tatu. Ya MIT humruhusu yeyote kuitumia kazi, hata kuifungia ndani ya bidhaa ya siri, mradi ahifadhi ilani ya hakimiliki. GPL, aliyoianzisha Richard Stallman mwaka 1989, hudai kuwa programu inayosambazwa ikiwa imeunganishwa na maktaba hiyo iwe huria vilevile. LGPL, ya mwaka 1991, ni ya wastani: programu jirani yaweza kubaki ya siri, lakini anayeisambaza maktaba aliyoibadilisha sharti atoe msimbo wake.

Mgala muue na haki yake umpe. Watetezi wa MIT wana hoja: Kiswahili chahitaji kuenea, na masharti huwafukuza wenye kampuni. Hata hivyo, kuenea si kunyang'anywa. Haifai jasho la wanafunzi lifungiwe, liboreshwe kwa siri, kisha vyuo vyao viuziwe. GPL nayo yaweza kuitenga maktaba changa isiyo na watumiaji wengi. Kwa hiyo LGPL ndiyo inayofaa zaidi. Ndiyo leseni iliyotumiwa na OpenOffice, na uhuru huo uliwawezesha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kutoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004.

Uamuzi huu haufai kuahirishwa. Kila anayechangia msimbo ana haki katika sehemu yake; kubadilisha leseni baadaye kwaweza kuhitaji ridhaa ya wote. Wanafunzi huhitimu wakatawanyika, nani atawasaka?

Ngeli na methali ni mali ya wasemaji wote, wala hakuna leseni inayoweza kuzimiliki. Kazi ya kuziingiza katika tarakilishi ndiyo yenye mwenyewe. Vyama vya Kiswahili vyuoni na viandike daftari hilo siku ya kwanza, kabla ya mstari wa pili wa msimbo.