Papa Shilingi, Mkubwa wa Samaki Wote

Watoto wetu wakiulizwa ni samaki yupi mkubwa kuliko wote, wengi hujibu upesi: nyangumi. Lakini nyangumi huvuta hewa kwa mapafu na hunyonyesha wanawe, basi hahesabiwi katika samaki. Cheo hicho ni cha papa shilingi, ambaye wavuvi wetu humwona msimu wa kaskazi akielea karibu na uso wa maji, mgongo umetapakaa madoa meupe mfano wa sarafu. Wazee husimulia kwamba alipoumbwa alipendeza mno, hata malaika wakapewa sarafu za fedha wamtuze, kama bibi arusi atuzwavyo. Hiyo ni ngano, nasi twaisimulia kama ngano. Ila jina limemkaa barabara.

Mrefu aliyepimwa na kukubaliwa na wataalamu alipatikana mwaka 2001 katika Bahari ya Uarabuni, naye alikuwa na mita 18.8, yaani zaidi ya basi moja na nusu. Na mwili wote huo hulishwa kwa uduvi, dagaa na mayai ya samaki, anavyovichuja kwa matamvua. Meno anayo maelfu, madogo mno, wala hayana kazi kubwa.

Katika samaki waliokwisha kutoweka, atajwaye sana ni megalodoni, kwa sababu ya filamu. Papa huyo ametuachia hasa meno, kwani mifupa ya papa ni gegedu nayo huoza. Ndiyo maana wataalamu wangali wakibishana juu ya urefu wake. Sisi twamwona wa ajabu zaidi Leedsichthys, aliyeishi yapata miaka milioni 165 iliyopita. Mabaki yake yalikusanywa karibu na Peterborough, Uingereza, na mkulima Alfred Leeds, na vipande vyake vingine vilidhaniwa kwanza kuwa magamba ya mgongo wa dinosari. Alipopewa jina mwaka 1889, aliitwa pia “problematicus”, kwa jinsi alivyowatatiza watu. Hukisiwa kufikia mita 16, naye pia alichuja vidudu vya baharini.

Turudi kwetu. Papa shilingi hukawia sana kupevuka, miongo kadhaa. Mwaka 1995 jike mmoja alivuliwa Taiwan akiwa na vilenga takriban 300 tumboni. Akiuawa mmoja kama huyo, hasara haihesabiki kwa kichwa kimoja. Mwaka 2016 aliandikwa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka, kwa kuwa idadi yake duniani imepungua kwa zaidi ya nusu.

Kisiwani Mafia, yeye na mvuvi hufuata riziki moja. Penye uduvi pana dagaa, penye dagaa hutupwa wavu wa ringineti, naye akajikuta ndani. Hana nia mbaya, wala mvuvi hana. Linalofaa ni kushusha kamba ya juu ya wavu apite, si kumfunga mkiani na kumburura. Na mwenye simu ampige picha ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua, kwani hakuna wawili wenye madoa sawa. Watafiti huwatambua mmoja mmoja kwa programu iliyotokana na ile ya wanajimu ya kulinganisha picha za nyota.